Nani Yuko Bondeni Maji Yakija Usiku

Hotuba kwa kamati za maafa za kata na mitaa iliyo kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam

Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa serikali za mitaa, watendaji, wajumbe wa mashina, wazee wetu, na vijana mnaochora ramani: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Niende moja kwa moja kwenye kazi. Karibu kila kamati iliyoketi hapa ina karatasi inayoitwa tathmini ya hatari ya mafuriko, au itadaiwa karatasi hiyo hivi karibuni. Nyingi zinayaeleza maji vizuri: mto unaanzia vilima vya Pugu, unapita wapi, ulifurika lini, na ramani imepakwa bluu. Lakini uliza ni watu wangapi wanalala ndani ya hiyo bluu, na wangapi kati yao hawawezi kutoka bila kubebwa, utapewa idadi ya watu wa kata nzima. Sensa ya 2022 imetuambia Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Haikutuambia nani kapanga chumba cha nyuma, kule ambako mlango unatazama mto.

Hatari kwa binadamu ina sehemu tatu. Kuna tishio lenyewe, yaani maji: yanafika wapi, kwa kina gani, kwa kasi gani, mara ngapi. Kuna watu na mali vilivyo kwenye njia ya maji hayo. Halafu kuna udhaifu wao, yaani kwa nini maji yale yale yanamwacha huyu na nguo mbichi na yanamuua yule. Ukikosa moja kati ya hizo, huna tathmini, una picha ya mto. Na sehemu inayokosewa zaidi si ya kwanza, ni ya pili na ya tatu, ambazo hazihitaji mtambo wowote wa kutoka nje.

Hata hivyo tuanze na maji, maana nayo yana makosa yake.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tarehe 20 Desemba 2011 jiji hili lilipata takriban milimita 156 ndani ya saa 24, kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1950, na watu wapatao 40 walipoteza maisha katika mafuriko ya siku zile. Chukua paa la bati la mita za mraba 60, nyumba ya kawaida kabisa ya Manzese au Kigogo. Mvua ile ilimwaga juu yake lita zaidi ya 9,300, sawa na matenki tisa ya lita elfu moja, na paa la bati halinywi hata tone. Bonde la Msimbazi lina ukubwa wa kilomita za mraba 289 hivi. Kila tunapoongeza bati na zege huko juu, tunaongeza matenki.

Mamlaka ya Hali ya Hewa huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Kipimo hicho kinafaa kwa kutoa tahadhari, ila kwa mitaro yetu kinaficha jambo: milimita 50 zilizonyesha taratibu mchana kutwa hazimsumbui mtu, na milimita 50 zilizoshuka ndani ya saa moja zinaingia kitandani. Kwa hiyo mnapoweka kipimamvua kwenye shule ya mtaa, msisome mara moja tu kwa siku, asubuhi. Mvua ikianza kuwa nzito, someni kila baada ya nusu saa na kuandika.

Sasa kuna lugha ya wataalamu inayopotosha watu: mafuriko ya miaka kumi, mafuriko ya miaka mia. Mwananchi akisikia hivyo anadhani kuna zamu. Yakija mwaka huu, basi tumepumzika miaka tisa. Maana yake halisi ni kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka jana kilitokea nini, kuna nafasi moja kati ya kumi ya kuyapata. Mpangaji atakayekaa bondeni miaka mitano ana nafasi ya asilimia 41 ya kukutana na mafuriko ya miaka kumi angalau mara moja. Hesabu yake ni fupi: nafasi ya kutofurika mwaka mmoja ni 0.9, zidisha 0.9 kwa yenyewe hadi itimie mara tano upate 0.59; toa kwenye moja. Aliyejenga nyumba ya kudumu miaka 30 mahali panapofikiwa na mafuriko ya miaka mia ana asilimia 26. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne, na huyo ndiye aliyeambiwa pako salama.

Mtapataje hiyo miaka wakati mto wetu haujapimwa kwa mfululizo mrefu? Orodhesheni kilele cha maji cha kila mwaka kwa miaka mnayoikumbuka na kuithibitisha, mpange kuanzia kikubwa. Idadi ya miaka jumlisha moja, gawanya kwa nafasi ya mwaka huo kwenye orodha. Mna miaka 20, na mafuriko fulani ni ya tatu kwa ukubwa: 21 kugawa kwa 3, ni mafuriko ya miaka saba hivi. Ni makadirio, na yana kasoro moja kubwa. Bonde la miaka 20 iliyopita si bonde hili. Mchanga umepandisha kitako cha mto kule chini Jangwani, watu wamejenga juu, na baadhi ya matawi, kama Mto Ng'ombe, yamejengewa kingo za zege. Kingo hizo zimewasaidia wa Tandale na Sinza, lakini pia zinayafikisha maji chini haraka kuliko zamani. Mvua ile ile leo haitoi kimo kile kile cha maji. Alama za miaka kumi ya karibuni zipewe uzito kuliko za zamani.

Hapo ndipo tunafika kwenye kazi ya mkono, kupima alama ya maji ukutani, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu makosa yake ni mengi.

Timu iwe ya watu watatu: mmoja anauliza, mmoja anashika futi, mmoja anaandika. Msiulize “maji huwa yanafika wapi?” Mtu atakuonyesha kiuno chake, na viuno havilingani. Muulize alikuwa amesimama wapi, aweke mkono ukutani penyewe, ndipo mpime. Pimeni mara mbili: toka sakafu ya chumba hadi alama, na toka ardhi ya nje hadi alama. Hili la pili ndilo linalosahaulika. Nyumba nyingi za bondeni zimeinuliwa msingi, na mwenye nyumba akisema maji yalifika magotini ndani, nje mtoto alikuwa amezama. Andikeni kimo cha msingi peke yake.

Jihadharini na unyevu. Ukuta wa tofali za saruji hunyonya maji kwenda juu, na doa la chumvi na rangi iliyobanduka linaweza kupita alama halisi kwa sentimita 30 au zaidi. Alama ya kuaminika ni mstari wa tope laini, ulionyooka, unaoonekana kwenye kuta mbili zinazotazamana. Vitasa, bawaba za kabati, nyuma ya jokofu na ndani ya boksi la mita ya umeme hubaki na tope muda mrefu baada ya ukuta kuoshwa. Angalieni huko.

Muulizeni mtu wa pili wa nyumba ile ile peke yake, yule wa kwanza akiwa hayupo. Majibu yakipishana zaidi ya sentimita 20, andikeni yote mawili na muulize jirani. Na mwaka upatikane kwa tukio: mtoto fulani alikuwa darasa la ngapi, ilikuwa kabla au baada ya uchaguzi. Watu husahau mwaka. Hawasahau nani alikuwa mjamzito.

Halafu kuna hofu. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde hili zilipigwa alama ya X nyekundu na nyingi zikabomolewa. Mtu aliyeona hayo, akiona vijana wenye fulana na karatasi wamesimama mbele ya ukuta wake, atasema hapa maji hayafiki kabisa. Mwingine aliyesikia habari za fidia atayapandisha maji hadi kwenye dari. Wote wawili wana sababu zao, na hakuna atakayewaambia ukweli kama hamkueleza kwanza, mbele ya mjumbe wao, takwimu zinakwenda wapi. Ndiyo maana alama ya nyumba moja haitoshi. Chukueni nyumba tano au sita kwenye mstari mmoja. Maji yaliyotulia yana uso mmoja, na nyumba inayodanganya itaonekana yenyewe.

Kimo msikichukue kwenye simu. Simu inaweza kukosea mita kadhaa kwa mahali, na kwa kimo hukosea zaidi ya hapo, wakati tofauti ya nyumba inayofurika na isiyofurika ni nusu mita. Ramani za bure za kimo zilizopigwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000 zina vipande vya mita 30 kwa 30. Tandale, kipande kimoja kinameza nyumba kadhaa pamoja na uchochoro wao, na kinahesabu mapaa kana kwamba ni ardhi. Maji ya kwenye kompyuta yakipitishwa juu ya ramani hiyo yanapanda mabati na kuukwepa uchochoro, ilhali uchochoro ndio mto wenyewe siku ya mvua. Mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Dar es Salaam wakishirikiana na wakazi, ulionyesha njia nyingine: ndege zisizo na rubani kwa picha za karibu, na wakazi kwa mitaro, makalavati na mistari ya maji, vyote vikaingia kwenye ramani ya wazi ambayo yeyote anaweza kuifungua. Kazi hiyo ipo. Kabla ya kuomba fedha za ramani mpya, fungueni ile, muangalie kipi kimebadilika.

Neno moja kuhusu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni mpaka wa kulinda mto. Wengine wameugeuza kuwa mpaka wa mafuriko, na hapo wanakosea pande zote mbili: kule juu kwenye kingo kali, mita 60 unaweza kuwa juu ya kilima pakavu; lakini Jangwani, ambako ni tambarare, maji yanasambaa mamia ya mita. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani na imefurika si mara moja. Futi ya fundi ingejibu swali la maji yanafika wapi kabla ya zege.

Si kina peke yake kinachoua. Kina na kasi pamoja ndivyo vinavyoangusha mtu. Kasi inapimwa hivi: chagueni sehemu iliyonyooka inayoonekana kutoka darajani au kwenye kibaraza cha juu, pimeni mita kumi kwa alama mbili wakati pakiwa pakavu, na siku ya mvua hesabuni sekunde ambazo chupa tupu inazitumia kutoka alama hadi alama. Yeyote asiingie majini kwa ajili ya kipimo. Chupa ikitumia sekunde nane, uso wa maji unakwenda mita 1.25 kwa sekunde; zidisheni kwa 0.85 kwa sababu maji ya chini huenda polepole, mpate kama mita moja kwa sekunde. Video ya simu, hata iliyopigwa na kijana wa mtaani kwa kujifurahisha, inatosha kwa hesabu hii ikiwa nguzo mbili zinaonekana.

Uingereza wanatumia kanuni ambayo hata huku inafanya kazi: kasi ya mita kwa sekunde ijumlishwe na 0.5, izidishwe kwa kina cha maji kwa mita, kisha iongezwe namba ya takataka zinazobebwa na maji, ambayo mjini huwa 1 kina kikipita sentimita 25. Chini ya 0.75 ni tahadhari tu. Kuanzia 0.75 hadi 1.25 ni hatari kwa watoto, wazee na wagonjwa. Kutoka hapo hadi 2 ni hatari kwa watu wengi. Zaidi ya 2 ni hatari kwa kila mtu, hata muokoaji mwenye boya. Fanyeni mfano. Kina sentimita 60, kasi mita moja: 1.5 mara 0.6 ni 0.9, ongeza 1, mnapata 1.9. Kasi ikipanda hadi mita moja na nusu kwa kina kile kile, mnapata 2.2. Maji hayajafika hata kiunoni na tayari hakuna wa kuvuka. Na gari dogo huanza kuelea kwenye maji ya sentimita 30 hivi, jambo ambalo madereva wa barabara ya Morogoro pale Jangwani wangepaswa kulisoma ubaoni.

Mitaro nitaigusa kidogo, kwa sababu mafuriko mengi ya mitaani hayatoki mtoni kabisa. Eneo la hekta 20 lililojaa nyumba, mvua ya milimita 60 kwa saa, asilimia 70 ya maji ikitiririka: 0.7 mara 60 mara 20, gawanya kwa 360 ili kugeuza vipimo, ni mita za ujazo 2.3 kwa sekunde. Mtaro wa upana wa mita moja na kina cha sentimita 80, maji yakienda mita moja na nusu kwa sekunde, unabeba 1.2. Ukijaa mchanga na chupa hadi nusu, unabeba 0.6 au pungufu. Kinachobaki kinapita barabarani na vibarazani. Kwa hiyo kwenye daftari lenu andikeni kila kalavati, upana wake, kina chake kilipojengwa, na kina chake leo. Kalavati lililoziba ni bwawa ambalo halikusanifiwa na mtu yeyote. Mai Mahiu nchini Kenya, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli ambalo njia yake ya maji ilikuwa imeziba, tuta likapasuka, na watu waliokuwa wamelala chini yake wakachukuliwa pamoja na nyumba. Ukipima mto wa pale siku kavu, usingeiona hatari hiyo. Ukiuliza “maji haya yamezuiwa na nini huko juu?” ungeiona.

Sasa watu.

Makosa yanaanza pale mnapohesabu mapaa. Wastani wa kaya nchini, kwa sensa ya 2022, ni watu 4.3. Mchoraji anaona mapaa 40 kwenye picha, anazidisha, anapata watu 172. Lakini nyumba za kupanga za bondeni hazina kaya moja. Ikiwa kila nyumba ina vyumba vitano vya wapangaji na kila chumba kinalala watu watatu, hapo kuna watu 600. Watu 428 hawamo kwenye tathmini, na siku ya kugawa chakula na magodoro watakuwapo. Hesabuni milango ya vyumba. Mjumbe wa shina anaijua.

Hesabuni mara mbili: usiku na mchana. Usiku wako waliolala. Mchana wapangaji wako Kariakoo na kwenye bodaboda, ila bondeni kuna gereji, mama lishe, wachuuzi, wachimba mchanga ndani ya mto wenyewe, na watoto walioachiwa dada mdogo au kufungiwa ndani. Shule iliyo upande mkavu haihesabiwi kuwa iko hatarini, lakini watoto wake wanavuka kijito saa sita mchana kurudi nyumbani. Weka watoto wanaovuka, kwa kila kivuko, kwenye daftari.

Udhaifu uandikwe kwa chumba, kwa maneno machache: mzee asiyetembea, mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, mtu anayetumia dawa kila siku, za VVU, kifua kikuu, kisukari au presha, ambazo zikilowa hazifai, asiyesikia filimbi, mgeni aliyehamia tangu masika iliyopita. Huyu wa mwisho hasahau, hajui. Kodi ya chumba cha bondeni ni nafuu, na dalali hamwambii mtu kwa nini. Habari za magonjwa ya watu zisiandikwe kwa jina kwenye ramani ya ukutani. Zikae kwa mhudumu wa afya wa jamii, na kwenye daftari la kamati iwe alama tu kwamba chumba hiki kinahitaji kubebewa mtu au dawa.

Angalieni jengo. Madirisha yana nondo? Kuna mlango mmoja tu, na unafungukia upande gani? Ukifungukia nje, maji ya nusu mita yanausukuma usifunguke. Ukuta wa tofali za udongo au za saruji kidogo unaanza kulegea baada ya saa chache za kuloa na unaweza kuanguka maji yakiwa yameanza kupungua, watu wamesharudi kuokoa vyombo. Soketi za umeme ziko sentimita ngapi toka sakafu?

Vyoo ni sura nzima peke yake. Mnajua nikisema kutapisha: mvua ikianza, tundu la pembeni ya shimo linafunguliwa na kinyesi kinakwenda na maji bure, badala ya kulipia gari la kunyonya. Aliye chini ndiye anayekipokea. Kwenye tathmini hili ni tishio la pili linalokuja na lile la kwanza, na kwa kipindupindu linadumu wiki kadhaa baada ya maji kukauka. Andikeni mashimo yaliyo juu ya mtiririko, visima vifupi vilivyo chini yake, na umbali kati yao. Gharama ya kunyonya mashimo hayo mwezi Februari inaweza kulinganishwa na gharama ya kambi moja ya kipindupindu, na mkiwa na orodha mna hoja ya kupeleka manispaa.

Mkishakuwa na maji na watu, msikimbilie kutoa alama moja hadi tano na kuzidisha. Tunaona jedwali hizo kila mahali: tishio nne, udhaifu tatu, hatari kumi na mbili. Kumi na mbili ya nini? Bora mseme watu wangapi, kina gani, mara ngapi. Na hata hapo msiweke wastani mmoja. Chukueni mitaa miwili ya mfano. Mmoja una watu 600 wanaoingiliwa na maji ya magotini kila baada ya miaka miwili: kwa wastani watu 300 kwa mwaka. Wa pili una watu 80 kwenye kona ya mto, wanaofikiwa mara moja kwa miaka 20 na maji yanayopita kichwa, usiku, kwa kasi: wastani ni watu wanne kwa mwaka. Kwa wastani huo, mtaa wa pili unapotea kwenye orodha. Wa kwanza unahitaji mitaro, vyoo na misingi iliyoinuliwa. Wa pili ndio wenye maiti, na unahitaji watu wasilale pale masika, basi. Ripoti iwe na mistari miwili: hasara ya mara kwa mara, na usiku mbaya kuliko yote.

Usiku huo unapimwa kwa saa. Kutoka Pugu hadi mdomo wa mto pale Daraja la Selander ni kama kilomita 35. Wimbi la maji likienda mita mbili kwa sekunde, linatumia karibu saa tano kufika mwisho. Kwa tawi la kilomita sita kama yale ya mijini, ni dakika 50. Sasa hesabuni upande wenu: muda wa habari kutoka juu hadi kwa mwenyekiti, muda wa mwenyekiti kuamua, wa kuamsha watu, wa kubeba asiyetembea hadi pakavu. Fanyeni zoezi kwa saa ya mkononi. Ikiwa jumla ni dakika 70 na tawi lenu linawapa 50, tahadhari yenu haifai hata kama imetoka kwa wakati, na uamuzi lazima uanzie kwenye mvua iliyotabiriwa, usisubiri maji yaliyoonekana. Kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa vinawahi kuliko ujumbe wa simu, na umeme ukikatika filimbi bado inalia. Angalieni pia jedwali la bahari: mafuriko yakikutana na maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kuliko kawaida, mdomo wa mto unakuwa umejaa na maji ya Jangwani yanachelewa kutoka kwa saa kadhaa.

Kitu kingine kinachoongeza muda ni wizi. Mtu hakatai kutoka kwa ubishi. Anajua akitoka runinga itaondoka. Mpango usiosema nani analinda vyumba haujapima muda wa kuhama kwa kweli.

Kwa wenzetu wa milimani, hesabu ya kina haiwafai. Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, lilishuka tope, mawe na magogo, watu zaidi ya 80 wakafa. Kalehe, mashariki mwa Kongo, Mei 2023, waliokufa walipita 400. Huko mnapima mteremko, nyufa mpya, chemchemi zilizotokea ghafla au kukauka, miti iliyoinama, na zaidi ya yote alama za zamani: ukiona mawe makubwa yametapakaa uwandani kwenye mdomo wa korongo, yaliletwa na kitu, na kitajirudia. Muda wa tahadhari ni dakika. Mahali kama hapo hakuna kuokoa watu tukio likishaanza; kuna kutokuwapo.

Kuhamisha watu nako kupimwe. Baada ya mafuriko ya 2011 mamia ya kaya zilipelekwa Mabwepande. Maji hayakuwafuata, lakini riziki yao ilikuwa mjini, na nauli ya kila siku nayo ni hatari kwa tumbo. Tathmini ya sehemu mpya iulize maswali yale yale: watu wangapi, wanakula nini, maji na zahanati viko umbali gani. Iulize pia nani atachukua chumba kilichoachwa bondeni, maana chumba chenye bei nafuu hakikai kitupu mwezi mzima.

Kuhusu ratiba. Orodha ya vyumba ipitiwe mara mbili kwa mwaka, Septemba kabla ya vuli na Februari kabla ya masika, kwa kuwa wapangaji hawakai. Alama za maji zipimwe ndani ya siku saba baada ya kila mafuriko, kabla kuta hazijaoshwa na kupakwa chokaa. Kila alama ipigwe picha futi ikionekana. Kata za juu zipeane namba za simu na kata za chini, mtu na mtu, na zijaribiwe kila mwezi. Namba iliyobandikwa ukutani miaka mitatu iliyopita ni pambo. Nakala moja ya daftari ikae kwa mtendaji, nyingine kwa mjumbe ambaye nyumba yake haijawahi kuingia maji, kwa sababu baadhi ya ofisi zetu za mitaa zenyewe ziko ndani ya mstari.

Maswali sasa. Tuanze na kata za juu, ambazo maji yao yanatangulia.